Besi ya Miguuni

Santuri ile mume wangu aliileta nyumbani ikiwa imefungwa ndani ya shati lake la kazi. Fundi mmoja Mbelgiji wa kiwandani alikuwa anarudi kwao, na alikuwa anagawa vitu visivyoingia sandukuni. Wenzake mume wangu waligombania pasi na masufuria. Yeye akachukua santuri. Nilimtazama mtu huyu niliyefunga naye ndoa, kisha nikalitazama sufuria langu lililotoboka.

Kisha akaiweka kwenye gramafoni, nami nikasahau sufuria. Gitaa lilikuwa likisema neno fupi, kinanda kinaitikia. Gitaa linachokoza, kinanda kinacheka kwa sauti nene. Ilikuwa jazz, lakini jazz ya kuchezesha kiuno, si ile ya kukaa na kufikiri. Chini yao besi ilitembea bila kuchoka. Nikageuza jalada. Waliandikwa watu watatu tu: wa gitaa, wa kinanda, wa ngoma.

"Na besi, nani anaipiga?" nikamuuliza.

"Ule wa orgue. Anaipiga na mikulu," akasema, akikanyagakanyaga sakafu kwa miguu yake. "Fundi njo alinielezea."

Sasa, mpiga kinanda nilikuwa mimi. Tangu usichana nilipiga kinanda cha parokia yetu hapa Likasi, kile cha kukanyaga, hadi zilipofika siku za kurudia uasili, tukaambiwa tuache majina ya kizungu, na kwaya nayo ikahamia kwenye ngoma. Kinanda kikafunikwa kitambaa. Mimi nikarudishwa kwenye benchi pamoja na wanawake wengine. Ngoma nazipenda, sikuzipinga. Lakini hakuna aliyeniuliza mikono yangu itafanya nini sasa, na hilo liliniuma kila Jumapili.

Mume wangu alikuwa na okestra yake ndogo, na mpiga besi wao alikuwa amehamishiwa Kolwezi. Kermesi ya parokia ilikuwa inakaribia, sikukuu ile ya kuuza vyakula na kucheza uani mwa kanisa. Wakakubaliana kumwita mtu mmoja wa Kambove. Nikasema hapana, besi nitapiga mimi.

"Bibi yangu, ile ni kinanda ya misa," akasema mume wangu.

"Iko na pedali ao haina?"

"Iko nazo."

"Basi, minye nitapiga."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini alinijua, kwa hiyo akanipa muda hadi kermesi. Kama besi haitakuwa imepatikana, mtu wa Kambove atashika nafasi, nami nisilizungumze tena jambo hilo. Padri akanipa ruhusa bila maneno mengi. Alisema afadhali kinanda kiliwe na muziki kuliko kuliwa na mchwa.

Nikaanza. Kila nikitoka sokoni nilipitia kanisani, nikakanyaga kushoto, nikakanyaga kulia, sikio nimelitega chini. Besi haikuja. Nilijua, ndiyo, kwamba pedali zile huingiza upepo. Lakini nani alikuwa ameniambia kwamba haziwezi kuleta na kitu kingine? Masista walinifundisha nyimbo za misa, na nyimbo za misa haziombi besi ya kuchezesha kiuno. Mume wangu akaja na gitaa, akasikiliza, akaamua kwamba tatizo ni kutu. Tukazipaka pedali mafuta ya mawese.

Padri alitukuta tumepiga magoti, mikono myekundu. Tukamweleza. Alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Mama, izi pedali hazina sauti. Ni za kuingiza mupepe tu. Ile orgue ya mu disque ni ingine, ya courant, ya umeme, na pedali zake ziko na noti."

Nilikasirika sana. Mume wangu akanishika bega, akasema kwa upole kwamba basi, tumwite yule mtu. Upole ule ndio ulionichoma kuliko kicheko cha padri.

"Besi iko," nikamwambia. "Niko naitafuta."

Maana miguu yangu ilikuwa imekwisha kujifunza mwendo, na sikuwa tayari kuitupa kazi yake. Nikaupa mkono wa kushoto zile sauti nene za mwisho. Kila noti niliisindikiza kwa pigo la pedali, hata ikatoka kwa kishindo, kama mtu anayesukuma toroli la mahindi mlimani. Haikuwa besi ya santuri. Ilikuwa yangu, na ilitembea.

Siku ya kermesi kinanda kilibebwa hadi uani, na ua ulijaa watu na moshi wa nyama ya mbuzi. Mtu wa Kambove alikuja na besi yake ndani ya mfuko, akaketi karibu kabisa, tayari kunirithi ningali hai. Tukaanza. Gitaa la mume wangu lilikuwa na ampli na umeme wote wa bwawa la Koni. Kinanda changu kilikuwa na mashavu ya miguu yangu tu. Gitaa likanimeza. Nilikanyaga mpaka magoti yakawaka moto, na bado nilichosikia ni gitaa. Mpiga ngoma akamtazama mtu wa Kambove. Yule akaanza kufungua mfuko wake.

Machozi yalinijia, nikayakataza. Nikapaza sauti katikati ya wimbo, mbele ya padri na mbele ya wakwe zangu, mwanamke mzima nikimgombeza mume wangu hadharani:

"Papa! Punguza gitaa! Besi njo minye!"

Watu wakaangua kicheko. Mume wangu hakucheka. Alimalizia kipande alichokuwa anapiga, akaachia nyuzi, akazungusha kitufe cha sauti cha ampli kidogo, akanitazama, akakizungusha tena. Mpiga ngoma naye akalegeza mkono. Na pale uani, kwa mara ya kwanza tangu nifunge ndoa, nikajisikia nikipiga.