Mikonge Iliyong'olewa

Oketcho wa kijiji cha Kisoko alizeekea kwenye baiskeli ya boda pale Busia, akivusha watu na magunia kati ya Uganda na Kenya. Mpaka ulimlisha, naye akauchukia. Alichopenda ni kile kipande cha katikati, kisicho cha nchi yoyote. "Pale," alisema, "hakuna anayekuuliza we ni wa wapi." Hakujiuliza mbona pale hakuna aliyejenga hata choo.

Pikipiki zilipommalizia abiria, akarudi nyumbani na maneno mapya. Akawakalisha wadogo zake, Ofumbi na Owori. "Tung'oe mikonge ya mpaka kati ya mashamba yetu. Tulime pamoja, tule chungu kimoja, asiwepo wa kusema changu."

Mkewe, Akumu, akaguna. "Baba Paddy, hata kuku ana pake pa kutagia."

"Akili yako imeishia jikoni."

"Na yako imeanzia hewani. Kaburi la Paddy wetu lililo shambani je, nalo la wote?"

"Nani atamnyima baba kaburi la mwanawe?"

Akashika jembe, akaanza kung'oa upande wake.

Msimu wa kwanza waliimba shambani. Wa pili, mgongo wa Ofumbi uliuma kila palizi, ukapona kila mavuno. Owori akaanza kula kwake, mlango umefungwa. Oketcho akalima peke yake, akiuhubiria mtama.

Mwishowe wadogo zake wakadai sehemu zao. Watatu wakazunguka shamba wakitafuta mashimo ya mikonge. Majani yalikwisha kuyameza. Kila mmoja akakanyaga alipotaka, na kila unyayo ukasogea kwenye nyumba ya Oketcho. Kaburi la Paddy likaangukia kwa Owori.

"Hapana," Oketcho alisema. "Hilo ni..."

"Ni nini, kaka?" Owori akamkatiza. "Si ulitaka asiwepo wa kusema changu? Sema basi, tukusikie."

Ofumbi akacheka.

Owori hakukawia kupanda mikonge mipya, minene, yenye miiba. Siku ya kusafisha kaburi, Oketcho alisimama upande wa huku na ufagio wake.

"Hodi, shemeji."

"Nani?" mke wa Owori aliuliza, akijua vizuri sana.

"Ni mimi. Naomba kupita, nifagie pale kwa mtoto."

"Leo haiwezekani, shemeji. Tumepanda mihogo, utaikanyaga."

"Lini basi?"

Mama huyo alikwisha kuingia ndani. Akumu alikuja, akamnyang'anya mumewe ule ufagio, akaenda kufagia jikoni.