Picha za Getini

Zhu Fenglian alikuwa mtu wa kuaminiwa. Katika kiwanda cha nyuzi pale Nantong, alikomaliza ujana wake wote akiunga nyuzi zilizokatika, wenzake walimwachia funguo zao, watoto wao na siri zao. Naye aliwaamini watu vivyo hivyo. Kwa hiyo binti wa ofisi ya maghorofa alimoishi alipomwambia asimame mbele ya kamera, avue miwani na asitabasamu, alitii. Kadi za zamani zingezimwa, geti lingefunguka kwa sura. Alipoombwa namba ya simu akatoa ya mwanawe, Qisheng, maana yake mwenyewe ilikuwa kuukuu na mara nyingi huzimika. Hakuuliza namba ni ya kazi gani.

Aliishi ghorofa ya tano na Qisheng na mjukuu wake, Miaomiao, aliyekuwa bado chekechea. Mama wa mtoto, Tan Suyun, alikuwa ameachana na Qisheng. Mahakama ilimpa baba mtoto, mama ikampa haki ya kumwona. Lakini kila Suyun alipopiga simu, Qisheng alikuwa na sababu: mtoto ana mafua, mtoto ana darasa la kuchora, mtoto amelala. Hakuwa mtu mbaya. Kwao Suyun ni Chengdu, mbali kabisa, na Qisheng aliogopa kwamba siku moja atampakia mtoto kwenye treni, basi, imetoka hiyo.

Zamani Suyun alikuwa akija mchana, Qisheng akiwa kazini, na mlinzi, Mzee Shen, aliinamia gazeti lake mpaka apite. Geti jipya halikujua kuinamia gazeti, na Qisheng alikwisha kumfuta mkewe wa zamani kwenye orodha ya wakazi. Basi kila Jumatano Fenglian akawa anampitisha mjukuu kwenye kibanda cha supu nyuma ya soko, ambako Suyun alimngojea kwenye kona ya ndani.

"Usimwambie baba," Fenglian alimwambia mtoto mara ya kwanza.

Ikapita miezi. Jioni moja, wakiwa wanakula, Qisheng akaweka vijiti vyake mezani.

"Mama, Jumatano mnachelewa."

"Sokoni kuna foleni."

"Kila Jumatano?"

Akamsogezea simu. Fenglian akavaa miwani. Alijiona akiingia na mfuko wa mboga. Akajiona akipiga miayo. Akajiona akienda kutupa taka na kandambili, nywele timtim. Katika picha moja alikuwa akifuta machozi. Ilikuwa siku ya kumkumbuka marehemu mumewe, siku aliyodhani hakuna aliyemwona. Kila alipopita, geti lilimtumia mwanawe picha na saa.

"Tangu lini unanitazama hivi?"

"Zinakuja zenyewe, sizitafuti." Akaikuza picha moja kwa vidole. "Hii skafu nyekundu ya Miaomiao, kanunua nani?"

"Mimi."

"Wapi?"

"Nimekwambia sokoni, Qisheng. Unanihoji kama mwizi?"

Miaomiao alikuwa ameinamia bakuli lake, mdomo umejaa, hatafuni.

Tangu siku hiyo Fenglian alipita getini kichwa chini, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Geti halikumkubalia. "Tafadhali inua uso wako," lilimwambia kwa sauti tamu ya msichana, na yeye akainua.

Jumatano iliyofuata aliamua kutokwenda, kisha akaenda. Walipokwisha kunywa supu, Suyun alimpeleka mtoto kunawa mikono uani. Wakakawia. Fenglian akatazama pazia la mlangoni, akatazama tena. Uani kulikuwa na mlango wa kutokea barabarani, na kituo cha treni hakikuwa mbali. Alikuwa amekwisha kusimama pazia liliposogea, wakatoka, mikono ya mtoto imelowa.

Suyun akamtazama usoni. "Mama, ulidhani nimeondoka naye?"

"Ndiyo."

"Sikudanganyi, nimewahi kufikiria. Leo hii nimefikiria. Lakini wewe ungerudije nyumbani?"

Walipofika getini, Fenglian akainua uso. Taa nyekundu. Akasogea, akarudi. Nyekundu. Nyuma yao watu wakaanza kujazana, na baridi ilikuwa ikipenya.

"Shangazi, sura imegoma?" akasema kijana mmoja. "Yangu hugoma nikinyoa ndevu."

Mzee Shen akatoa kichwa dirishani. "Dada Fenglian, mimi nakujua hata ukijifunika gunia. Lakini hapa linaniandikia kwamba mwenye nyumba amekuzuia. Nikibonyeza, litaandika kwamba nimebonyeza, na kesho kibarua changu kimeota nyasi."

Mwenye nyumba ni Qisheng. Fenglian akamshika mjukuu mkono, akaikodolea macho kamera, ambayo ilinasa na sauti pia.

"Qisheng, najua unaniona. Tumetoka kwa Suyun. Kila Jumatano tunatoka kwa Suyun. Skafu kanunua yeye. Nimekudanganya, na mwanao nimemfundisha kudanganya, hilo ni kosa langu. Lakini mahakama ilimpa haki ukamnyima, na hilo ni lako. Sasa fungua, mtoto anatetemeka."

Yule kijana wa ndevu akatazama viatu vyake. Simu ikalia ndani ya mfuko wa Fenglian, hakuipokea. Ikalia mpaka ikakatika. Kisha taa ikageuka kijani.

Qisheng alirudi mapema siku hiyo. Alisimama sebuleni na koti lake.

"Sikutaka ukae nje. Nilitaka unipigie, uniambie ulikuwa wapi."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza, Mama."

Ni kweli alimwuliza. Fenglian akakaa kitini.

"Akimchukua je?" Qisheng akasema.

"Leo alikuwa na nafasi, na mimi nimekaa mbali kama mjinga. Amemrudisha."

Walizungumza hadi chakula kikapoa. Mwisho Qisheng alikubali Suyun aje Jumamosi, apande juu kama mgeni yeyote. Jumamosi ya kwanza alijitenga chumbani na mlango akauacha wazi kidogo, akisikiliza mtoto anavyocheka na mama yake. Hakutoka, lakini pia hakumfukuza mtu.

Fenglian naye akaenda ofisini kutaka sura yake ifutwe, apewe kadi.

"Shangazi, watu wote wanatumia sura," binti akamwambia. "Kuna kitu unaficha?"

"Nataka kwenda kununua vitunguu bila mwanangu kupigiwa kengele."

Akaambiwa mwenye nyumba lazima atie saini. Qisheng akaomba ruhusa kazini, akaenda naye, akasaini. Binti akabonyeza hapa na pale, akamkabidhi kadi.

"Na zile picha za nyuma?" Fenglian akauliza.

"Hizo ziko kwenye kompyuta za kampuni, Shangazi. Sijui hata ziko mji gani."

Fenglian akamgeukia mwanawe, mwanawe akainua mabega. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwuliza. Akatia kadi mfukoni, akaenda kumchukua mjukuu wake shuleni.