Akaunti ya Mzee Bahati

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya mama yangu vya kwendea kanisani, nikidhani nakwenda kukaa kama karani wa benki. Nilipofika Wandegeya, Kampala, nikapandishwa ghorofani, juu ya duka la kuchapisha, kwenye chumba chenye meza tatu, betri za magari zilizopangwa ukutani, na skrini nyeusi zenye maandishi meupe. Nikauliza tovuti nilizoajiriwa kuzitunza ziko wapi. Mhandisi Mkuu, Mganda mnene mwenye sauti ya upole, alicheka mpaka akavua miwani, akaniita nyabo, yaani bibi kwa Kiganda.

"Haiko hapa, nyabo. Iko Uraya. Sisi nagusa kutoka hapa tu."

Kugusa kutoka hapa ndiyo ikawa kazi yangu hadi nilipostaafu. Wateja wetu, shule, makanisa na wafanyabiashara, walikodi nafasi za tovuti zao kwenye seva, yaani kompyuta isiyozimwa, iliyokuwa ng'ambo. Tuliifikia kwa SSH, njia ya kuiamrisha kompyuta ukiwa mbali nayo. Ninyi wa leo mnabofya vitufe vya rangi; sisi tuliandika amri neno kwa neno, ikafungwa kwa siri ili asiisome mtu njiani, ikavuka bahari, na seva ikatii bila kuuliza. Hapo pa kutouliza ndipo penye shughuli. Ukiiambia ifute, imefuta, na hakuna kapu la taka la kwenda kuchakura.

Adui yetu alikuwa umeme. Ulikatika utakavyo, na ukikatika hata mawasiliano na seva yalikatika, kazi ikafia katikati. Kwa hiyo Mhandisi Mkuu alituwekea sheria. Umeme ukirudi, hakuna kugusa kibodi mpaka mwenzako akuulize mambo mawili kwa sauti, nawe umjibu kwa sauti huku ukisoma kwenye skrini, si kichwani.

"Wewe iko wapi?" Hapo unasoma jina la seva uliyomo.

"Na umebeba nini?" Hapo unasoma ukubwa wa folda, ya kule ilikotoka na ya huku ilikofika, kilobaiti kwa kilobaiti.

Mimi nilizaliwa na askari. Baba alitoka kaskazini, akahamishiwa kambi ya Naguru baada ya vita vya mwaka themanini na sita, na utotoni nilizoea kusikia walinzi wakiulizana maswali getini. Sheria ile ilinifaa kama nguo ya kupimwa. Wenzangu waliiona ya kitoto. Mimi niliipenda, na nilimpenda mzee yule aliyeitunga. Ndiyo maana mpaka leo sijui niseme nini kuhusu siku niliyoiruka sheria ile.

Kati ya wateja wetu alikuwepo Mzee Bahati, Mkongomani muuza vitenge wa mtaa wa Bwaise. Tovuti yake haikuuza kitu. Ilikuwa orodha ya watu waliopotezana na jamaa zao katika vita vya kwao: jina, picha, na namba ya simu ya anayemtafuta. Wakimbizi walimletea picha, akazipiga skani duka la chini, akawarudishia, nasi tukazipandisha. Picha ya kwanza kabisa ilikuwa ya binti yake Neema, aliyepotea njiani akiwa na miaka saba. Karatasi yake halisi iliharibiwa na mafuriko ya Bwaise mwaka uliofuata.

"Haizuru, mama," aliniambia. "Ile ingine njo iko kwenu, fasi maji haifikake."

Nikamwambia kweli, kwetu maji hayafiki.

Basi ikaja siku ya kuhamisha akaunti zote, yaani zile nafasi za wateja, kwenda seva mpya, kwa kuwa ya zamani ilikuwa inarudishwa kwa wenyewe. Ya Mzee Bahati niliishika mwenyewe. Saa sita mchana, kazi ikiwa inaendelea, umeme ukakatika. Uliporudi nikaingia seva mpya, nikaona folda yake ipo, jina sawasawa. Mwenzangu alikuwa ameshuka kutuchukulia roleksi, zile chapati zetu za kuviringishiwa mayai, na harufu ilikuwa imeshapanda ngazi. Sikumngoja aniulize. Nilirudi seva ya zamani nikafuta akaunti pamoja na nakala zake za akiba, kisha nikala nikashiba.

Jioni ile nikafungua tovuti. Majina yalikatikia katikati ya herufi M; Neema na wote waliofuata hawakuwamo. Folda ilikuwa imefika nusu.

Nilikwenda kwa Mhandisi Mkuu, nikamweleza. Hakufoka, na ningetamani afoke.

"Simu hapana," alisema. "Enda na miguu yako, mwambie kabra yeye hajajua."

Nikaenda. Mzee Bahati alinisikiliza amekaa juu ya robota la vitenge, kisha akaingia ndani akatoka na daftari. Majina yote yalikuwamo. Tuliyaandika upya, mimi na yeye, kwa mwezi mzima. Picha ndizo hazikuwamo. Kwenye kila nafasi tupu nikaweka tangazo: aliye na nakala ya picha hii, tafadhali aitume, na anwani yangu ya barua pepe. Zilirudi chache, zilizochapishwa na watu huko na huko wakazihifadhi ndani ya Biblia. Ya Neema haikurudi. Kila mwezi mzee alipita ofisini akauliza, "Bado?" nami nikajibu bado.

Mwaka wa nne, nikiwa nimeshapandishwa kuwa Mkuu wa Kitengo, ikaja barua pepe kutoka Kigoma. Picha ya Neema ilikuwa imeambatishwa, ina mikunjo minne.

"Huyu ni mimi," aliandika. "Nilijiona kwenye mtandao nikiwa na miaka kumi na minne. Mashine ikatoa picha, wino ukaisha kabla ya namba ya simu. Nikarudi wiki iliyofuata, nikakuta ukurasa hakuna. Nikajua baba amechoka kunitafuta, ameniondoa. Sikuangalia tena mpaka leo."

Nikaisoma mara nyingi. Shetani alinishauri nifute mistari ile nimpelekee mzee picha na anwani tu, asijue kamwe. Niliichapisha yote, nikateremka Bwaise.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alilia, akaibusu karatasi, akasoma tena. Nikamwambia, "Mzee, miaka hii minne ni mimi."

"Njo weye, mama," akasema. "Lakini vita iliniibia saba, na haiyakuya hata siku moya kuniomba musamaha. Weye ulikuya siku ileile."

Nimestaafu sasa. Vijana hunitembelea, wananionyesha mitambo inayohamisha akaunti na kujikagua yenyewe, nami nafurahi kwa dhati. Laiti tungekuwa nayo. Nawaambia tu kwamba ndani ya kila folda kuna mtu anayemngoja mtu.

Neema aliletwa Kampala, akamkuta baba yake mzima, akamzika miaka mingi baadaye. Ana watoto wawili, na huniita shangazi. Naitika, ila kila mara nachelewa kidogo kuitika.