Nilivyompita Muriuki Sokoni

Mwanangu, kuna siku moja pale Othaya ambayo nikiikumbuka bado nainamisha uso, hata nikiwa peke yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa fundi wa nguo, nimekodi kibanda kando ya soko, na mpenzi wangu alikuwa Muriuki, aliyeuza mbegu na mbolea jirani yangu. Watu walituona marafiki tu, nasi tuliwaacha waone hivyo. Wakati huo kila baraza la chifu na kila mahubiri yalitaja ukimwi, lakini yaliwasema madereva wa malori na wanawake wa baa. Sisi wanaume tuliopendana hatukutajwa hata kwa matusi. Nikajiambia basi hautuhusu.

Muriuki hakujidanganya. Jioni moja alileta kondomu. Nikamrushia usoni. "Kwani unaniona malaya?" Akaziokota, hakuzitaja tena. Na alikuwa na haki ya kuogopa, maana nilikuwa na mwingine huko Kagio, dalali wa nyanya aitwaye Njogu, nami sikuwa nimemwambia Muriuki.

Baadaye Muriuki alianza kukonda. Akaniambia amepimwa Nyeri, ameupata. Sikumgusa hata mkono. Halafu ikaja ile siku ya soko. Nilikuwa nimesimama na wazee wa kanisa alipokuja, akanisalimia kwa jina. Nikamtazama kama mtu nisiyemjua, nikampita, nikiendelea kuongea.

Haikuchukua muda, mama yake Muriuki akaingia kibandani na suruali za mwanawe.

"Punguza kiuno," akasema. "Zinaanguka."

"Sina kipimo chake, mama."

"Ati huna? Yeye anasema unakijua." Nikainamia cherehani yangu. "Kijana, sikuja kuuliza nyinyi mlikuwa nini. Hiyo ni yenu na Mungu. Lakini ulimpita kwa soko. Mimi ndio namuosha kila siku, na bado niko hapa. Wewe unaogopa nini? Watu wakuone, ama daktari akuone?"

"Yote, mama."

"Basi anza na daktari. Na kama kuna mtu mwingine, mwambie. Usingoje mama yake pia alete nguo hapa."

Suruali nilizipeleka mwenyewe. Nilimwomba Muriuki msamaha. Alinishika mkono, na mpaka alipokufa hakusema kama amenisamehe. Sikustahili kumuuliza.

Nilipimwa, nikakutwa nao. Nikaenda Kagio. Njogu alikuwa anajiandaa kuoa, amenunua hata viatu vya harusi, na alivyokuwa na furaha nilikaribia kupanda gari nirudi nyumbani bila kusema kitu. Nilimwambia nyuma ya kreti za nyanya. Alinipiga kofi, akanifukuza. Lakini alikwenda kupimwa, akakuta anao, akaivunja harusi mwenyewe. Hajanisemesha tena tangu siku hiyo. Yule mchumba wake aliolewa kwingine, na mpaka leo ni mzima, analea wajukuu. Mimi hanijui hata kwa jina.

Siku hizi dawa zipo, mwanangu, nami naishi kwa hizo. Zamani hizo hazikutufikia. Kwa hiyo nenda ukapimwe, na urudi tena kupimwa. Mwenzako akikuomba mtumie kinga, usione amekutukana, anakujali. Kama una jambo analopaswa kujua, mwambie kabla hamjavua nguo. Akiugua, msalimie mbele ya watu, hata wale wazee wakigeuka kukuangalia. Wataangalia, kisha wataenda nyumbani kula.

Kumpenda Muriuki sikuonei haya. Kumpita ndiko bado kunaniamsha usiku.

Mungu akupe mtu wa kukuuliza mambo magumu, akupe na moyo wa kumjibu. Uishi, mwanangu, uzeeke kunipita.