Bibi Luciana na Njia ya Zahanati

Mwaka 1975 mpima barabara aliuliza mkutano wa kijiji kama njia ya zahanati ipite mbugani, kwenye tambarare ya udongo wa mfinyanzi. Wote wakapiga makofi, isipokuwa Bibi Luciana, mfinyanzi wa vyungu.

"Mwanangu, masika gari litazama pale."

"Shikamoo bibi, lakini mimi ninayo ramani!"

"Marahaba. Mimi udongo wa pale naubeba kichwani kila kiangazi."

Watu wakacheka. Bibi alimwaza binti yake, aliyefia kwenye tope la mbuga ile akipelekwa kujifungua. Akamshika mpima mkono, akamwongoza hadi kwenye shimo lake la udongo kule mbugani, akamwonyesha majani makavu yaliyonasa kwenye miiba, usawa wa kifua.

"Maji yalifika hapa."

Mpima akang'oa kigingi cha kwanza kati ya vile alivyokuwa amepigilia pale kuonyesha njia. Cha pili alikwisha kuking'oa bibi.