Mwalimu wa Kasongo na mwanafunzi aliyejinyamazisha

Saa kumi na mbili asubuhi, Dieudonnée Amisi anageuza jani la muhogo katika shamba moja pembeni mwa mji wa Kasongo, analipiga picha kwa simu, kisha anaandika: mgonjwa. Hatua mbili mbele: mzima. Kufikia saa tatu atakuwa na picha mia mbili.

Picha hizo ni masomo ya programu ya kompyuta inayofundishwa kutambua batobato, ugonjwa unaotia majani ya muhogo madoa ya manjano. Kabla ya kazi hii alifundisha shule ya msingi miaka kumi na tisa, watoto sabini kwa kitabu kimoja. Aliwagawa vikundi, kila kikundi kilisoma ukurasa wake, kisha kikawafundisha wenzake.

Hakudhani ujuzi huo ungemfaa tena, mpaka programu ilipomponza Nuru, mkulima wa Lusangi. Msimu uliopita ilimwambia shamba lake linaugua. Akang'oa nusu. Kumbe lilichomwa na jua tu. Nusu iliyobaki ndiyo chakula cha watoto wake watano.

Placide, fundi wa mradi, alimweleza mwalimu kuwa ndani ya programu mna wanafunzi watatu, yaani sehemu tatu zinazojifunza kila moja kivyake: mmoja amelelewa kwa picha za Kasongo, mwingine za Nyangwe, wa tatu za Kabambare, nao hufundishana. Lakini mwishowe wote hujibu kama yule wa Kasongo, mwenye picha nyingi na uhakika mwingi.

Mwalimu alicheka. Mtoto wa aina hiyo alimjua tangu darasani.

"Mu kila classe iko mutoto moja wa sauti kubwa," anasema. "Akisema, wote wanamufwata, hata mwenye kujua."

Akamtaka Placide afuate sheria za darasa lake: kila mmoja ajibu peke yake, mwenye picha chache atangulie, na anayebadili jibu aonyeshe doa lililombadilisha.

Wakairudisha picha ya shamba la Nuru. Yule wa Kabambare, mdogo wao mwenye picha chache kuliko wote, akatangulia kujibu: jua. Wakafungua kumbukumbu za msimu uliopita. Siku ile pia, kabla ya kuwasikia wenzake, alikuwa amejibu: jua.

Placide alimwonyesha mwandishi wa makala haya mstari huo.

"Ilijua," anasema mwalimu taratibu. "Ilijua, kisha ikajinyamazisha. Sawa vile watoto wangu."

Wiki ijayo atapanda pikipiki hadi Lusangi. Tumaini lake ni moja, Nuru asing'oe tena muhogo mzima. Nuru alikuwa ameapa kwamba simu ile yenye programu haitakanyaga tena shambani mwake. Aliposimuliwa habari hii, alituma ujumbe wa sauti, ambao mwalimu anausikiliza kila asubuhi.

"Mwalimu, uilete. Lakini hapa kwangu, ule mudogo ndiye aseme kwanza."