Pua ya Mama Pindo

Mama Pindo hakuwahi kumeza hata tone la divai maishani mwake, lakini mtaani kwao hapakuwa na mtu aliyeijua harufu yake kumshinda. Aliisomea mlangoni. Kwa miaka mingi alimfungulia mumewe mlango jioni, na kabla bwana hajamaliza kupiga hodi, pua ya mkewe ilikwisha kujua amekunywa nini, kiasi gani, na kama njiani alitafuna karafuu ili kuificha. Mpaka leo karafuu haziingii nyumbani kwake. Ukimletea viungo vya zawadi, atashukuru vizuri sana, kisha ukiondoka atakaa azichambue karafuu moja moja na kuzitupa.

Mumewe alikuwa fundi wa makochi, na kwa kuwa alishinda akikata sponji, watu walimwita Sponji. Lilikuwa jina la kazi tu. Alipoanza kufyonza kila kilichomiminwa mbele yake, wenye midomo wakasema jina limempata mwenyewe. Sasa alikuwa ameacha. Huu ulikuwa mwaka wa tatu hajagusa, na kila wiki alikwenda kwenye kikundi cha walioacha, wakakaa kwenye viti vya plastiki na kuambiana ukweli. Walihama mtaa, wakapanga chumba cha kazi: makochi upande huu, cherehani ya mkewe upande ule, na pazia katikati. Tabia moja tu ilihama nao. Kila Sponji alipoingia kutoka nje, aliinama mbele ya mkewe bila kuambiwa, akahema, akasubiri. Mama Pindo alinusa, akaitikia kwa kichwa, ndipo bwana akavua viatu.

Mambo yangekwenda hivyo hivyo kama binti yao asingepata mchumba. Wazazi wa kijana walikuwa wanakuja Jumamosi kwa chakula cha mchana. Watu wa heshima zao, wanaokunywa kwa glasi zenye mguu mrefu. Baba mkwe alishasema kwenye simu kwamba baada ya kula, yeye na baba wa binti watasimama, wainue glasi ya divai nyekundu, wawatakie watoto heri.

"Si uinue soda," Mama Pindo alimwambia mumewe.

"Nikiinua soda wataniuliza kwa nini. Na mimi nikiulizwa sijui tena kudanganya, mke wangu. Nilidanganya mpaka uongo ukaniishia."

Binti mwenyewe alikuwa amesimama pale, anakunja leso. Siku alipohitimu masomo, baba yake alifika chakari, akaangukia safu ya viti mbele ya walimu na wazazi wa wenzake. Tangu siku ile, baba akisimama kuzungumza mbele ya watu, binti hutazama chini.

"Baba, wasijue siku hiyo tu," alisema. "Wakishakuzoea, utawaambia mwenyewe."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo wote watatu waliijua.

Kazi ikamwangukia Mama Pindo. Atafute divai nyekundu isiyo na kilevi, iliyo nzuri kiasi kwamba wakwe wanaojua divai wasikunje pua, lakini isiwe nzuri mno ikamwamsha yule aliyelala ndani ya mumewe. Mwanamke anayeongoza kikundi alimwonya waziwazi: "Mama, kilevi wanaweza kukitoa kwenye chupa. Kwenye ulimi hakitoki. Nimeona watu waliorudi shimoni kwa kuanzia na hizo hizo." Mama Pindo alikwenda dukani roho mkononi.

Mwenye duka la vinywaji alikuwa mtu mzima mwenye aproni na maneno mengi. Alimpangia chupa kwenye kaunta kama mwalimu.

"Hizi mbili ni juisi ya zabibu iliyovaa suti, usihangaike nazo. Hizi tatu ni divai kweli, zimetengenezwa kama divai, kisha kilevi kikatolewa. Soma mgongoni. Hii imeandikwa nusu asilimia..."

"Toa."

"Mama, nusu asilimia hata ndizi iliyoiva sana..."

"Ndizi haikuwahi kunivunjia mlango. Toa hiyo, weka nyingine."

Akaweka nyingine yenye sifuri. Akafungua zote tatu, maana zilikuwa za kuonjesha wateja, akammiminia kidogo. Mama Pindo akaisukuma glasi ikarudi kwake.

"Kunywa wewe. Kisha nihemee."

"Nifanye nini?"

"Nihemee usoni, baba. Watu wengine huchagua kwa ulimi. Mimi najua inavyonuka ikishaingia kwa mtu."

Wateja wawili waliokuwa nyuma wakaacha kuchagua chao. Mwenye duka alitazama huku na huku, akanywa, akainama juu ya kaunta, akahema. Ya kwanza ilinuka sukari ya kupikia, kama dawa ya kikohozi ya mtoto. Watengenezaji wengi wakishatoa kilevi, alieleza mwenye duka, huona divai imekuwa nyepesi, basi huijaza sukari ili kinywa kisione pengo. Mama Pindo akatikisa kichwa. Wakwe wangeitambua kabla glasi haijafika mdomoni.

Kabla ya kunywa ya pili, mwenye duka aliisifu. "Hii sasa, hata mimi nikifumba macho nadanganyika." Akanywa, akahema.

Mama Pindo akanusa. Mbao, moshi, matunda yaliyochacha, na chini yake lile joto lenyewe. Alijiona amesimama mlangoni usiku, mtoto analia nyuma yake, mtu mzima ameegemea kizingiti anacheka peke yake. Alishika kaunta kwa mikono miwili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huo haukuwa ung'ongo, alikuwa nyoka mwenyewe asiye na sumu.

"Nzuri, eh?" mwenye duka aliuliza.

"Nzuri sana. Ndiyo maana siichukui."

Ya tatu ilinuka zambarau na chai ya rangi iliyokaa kwenye birika. Ilikuwa na ukali wa kukausha ulimi, mwenye duka akasema, ule ambao wajuzi huutafuta, na haikuwa na sukari. Mama Pindo alimhemesha mara mbili zaidi kabla ya kukubali. Akachukua chupa mbili, na mwenye duka akamshauri azipoze kidogo tu, akaagana naye kwa heshima ya mtu aliyeogopa kidogo.

Alhamisi mchana walifunga mlango wa chumba cha kazi, wakaketi wawili. Ilibidi Sponji aijaribu pale, si mbele ya wageni. Alishika glasi kwa mkono uliozoea nyundo, akanusa, akaonja. 

"Vipi?"

"Inafanana na jamaa niliyemjua zamani," Sponji alisema. "Lakini siyo yeye." Akaweka glasi chini, akasimama. "Natoka kidogo. Nanunua misumari."

Misumari ilikuwepo, boksi zima, chini ya meza. Mama Pindo aliiona, akamwacha aende. Alikaa akitazama mlango, cherehani imesimama, na kila hatua iliyopita nje alidhani ni ya mumewe. Alijuta kuingia duka lile. Alimchukia baba mkwe na glasi zake. Sponji aliporudi, jua limepungua, mkewe alimrukia mlangoni kabla hajavuka kizingiti, akamshika mashavu, akanusa. Vumbi na jasho, basi.

Kwa mara ya kwanza Sponji hakusubiri aitikiwe.

"Mpaka lini utaninusa?" aliuliza, taratibu, bila hasira. "Nataka kujua tu. Maana najua siku niliyoacha. Siku utakayoacha wewe siijui."

Mama Pindo aliyaachia mashavu yake. Alirudi kwenye cherehani. Jioni ile alichukua mabaki ya mahameli nyekundu ya makochi akashona vifuko vya kuvalisha chupa, ili mkwe asisome kilichoandikwa. Chupa zilikuwa mbili, kitambaa kikatosha vitatu, na fundi gani anatupa kitambaa?

Jumamosi wageni walifika na vicheko. Baba mkwe alikuwa mtu wa kukumbatia, na mlangoni alimkabidhi binti zawadi: chupa ya divai nyekundu, divai yenyewe, ya miaka. Mama Pindo alikuwa jikoni. Binti, kwa haraka na furaha, aliona chupa ya wakwe imebaki uchi pembeni ya zile mbili zilizovaa, akaona ni aibu kwa wenye zawadi. Akaivalisha kile kifuko cha tatu. Akaiweka upande wa wakwe, mbali na baba yake, akaona mambo yamekwisha.

Walikula vizuri, wakataniana vizuri. Kisha baba mkwe akasimama, akanyoosha mkono, akatwaa chupa iliyokuwa mbele yake, akazunguka meza nzima kwa mapenzi yake yote.

"Mkwe wangu nammiminia mwenyewe," alisema, akaijaza glasi ya Sponji.

Ndipo Mama Pindo alipohesabu chupa tatu zilizovaa sawa. Aliyafahamu yote mara moja. Binti naye aliona. 

Sponji alikuwa amekwisha kusimama na glasi mkononi. Harufu ilimfikia kabla ya mtu yeyote, maana jamaa wa zamani hana haja ya kupiga hodi.  Baba mkwe aliinua yake. Mama mkwe aliinua yake. Kilichobaki kilikuwa shubiri moja kati ya mkono wa Sponji na mdomo wake, na miaka yake mitatu yote ilikuwa imekaa katika shubiri hiyo.

Akamgeukia mkewe.

"Mama, hebu ninusie," alisema mbele ya wote. "Wewe ndiye mwenye pua."

Wakwe wakacheka, wakidhani ni utani wa watu waliooana siku nyingi. Mama Pindo aliipokea glasi kwa mikono miwili. Hakuhitaji hata kuinama. Angeweza kuimwaga, lakini glasi ikimwagika mkwe angeijaza tena kutoka chupa ile ile. Angeweza kusema, lakini binti yake alikuwa amemkazia macho. Basi alipiga moyo konde, akaiweka glasi mdomoni, yeye ambaye hakuwahi, akainywa yote mpaka chini.

Ilimchoma mpaka machozi yakamtoka. Alikohoa kama mbuzi.

"Lo! Mkwe wangu kumbe ana kiu!" baba mkwe alishangilia, akipiga meza.

Mama Pindo hakumjibu. Alizivuta chupa mbili zilizobaki, akazinusa midomo bila haya mbele ya wageni wa heshima, akapata zambarau na chai iliyokaa, akammiminia mumewe kwenye glasi nyingine. Sponji aliinua.  Aliwatakia watoto heri kwa maneno machache, na binti yake, safari hii, alimtazama usoni mpaka alipomaliza.

Mama Pindo alifika jikoni kwa kushika ukuta. Sakafu ilikuwa inapanda na kushuka. Sponji akamfuata akisema anachukua maji.

"Ilikuwa yenyewe?"

"Yenyewe. Ile ya mlangoni."

"Hebu hema."

Mama Pindo akageuza uso pembeni upesi. Ndipo alipotambua kwamba amegeuza vile vile kama mumewe alivyokuwa akigeuza zamani, na aibu ikampanda. Akarudisha uso, akahema.

Sponji alifumba macho. Mkono wake uliukamata ubao wa mlango mpaka kucha zikawa nyeupe. Akarudi hatua moja nyuma, kisha nyingine.

"Nakupenda, mke wangu," alisema, "lakini leo usinisogelee. Nitalala kwenye kochi."

Wageni walipoondoka, Sponji aliwasindikiza mpaka kwenye gari. Dirishani, Mama Pindo alimwona amemshika baba mkwe mkono, anazungumza kwa muda mrefu ameinamisha kichwa. Kicheko kilimwishia baba mkwe. Kisha akamvuta Sponji begani, akakaa naye hivyo hivyo, na mama mkwe akazima injini aliyokuwa amekwisha kuiwasha.

Usiku ule, zamu ya kulala kwenye kochi ambayo zamani Mama Pindo ndiye aliyekuwa akiipanga, mwanamume aliipanga mwenyewe. Funguo za mlango wa nje zilikuwa upande wake. Chupa ya mkwe ilikuwa imemwagwa, lakini duka halikuwa mbali. Mama Pindo aliogopa. Alisikia springi za kochi zikilia, akasubiri kusikia funguo, akajizuia asiinuke. Ama ni imani, ama ni divai ya mkwe, mimi sijui. Lakini alilala.

Asubuhi kichwa kilikuwa kinamgonga kwa nyundo za mumewe. Alikuwa ameketi kwenye cherehani Sponji alipoingia kutoka nje na mkate, nywele zimevurugika kwa kochi. Akaweka mkate mezani, akamimina vikombe viwili vya chai, kimoja akakiweka mbele ya mkewe, kisha akainama kama siku zote, akahema, akasubiri.

Mama Pindo alichukua kikombe.

"Keti," alisema. "Na wewe yako itapoa."

Sponji alibaki ameinama vile vile, hajui uso wake aupeleke wapi.